Kaleli na Kadi ya Reki

Kaleli wa Munyao hakuwa daktari. Watu wa Thika na Ruiru walimwita daktari, na miaka ya kwanza aliwasahihisha kila mara: "Mimi ni dresa wa macho, mama, msaidizi wa daktari. Dresa." Baadaye akachoka, akaacha. Mtu mwenye jicho linalochoma hana haja ya kujua cheo chako.

Alizaliwa Matungulu, ule upande ambao ukitoka nje asubuhi unauona mlima wa Kilimambogo umekaa pale kama ng'ombe aliyelala. Alisoma shule ya misheni kidogo, kisha vita vikamchukua mpaka Burma. Huko hakufyatua risasi hata moja. Waliomwandikisha walimweka kwenye hema la hospitali, akapewa kazi ya kumshikia taa daktari wa macho. Sasa, ukimshikia mtu taa kila siku, na wewe pia utaona anachokiona. Kaleli alirudi nyumbani akijua kutofautisha jicho jekundu la vumbi na jicho jekundu la ugonjwa.

Alipata kazi Thika kwa Jivraj, fundi wa miwani. Alianza kwa kufagia, akaendelea kusugua vioo, mwisho akafundishwa kupima macho. Ofisi ya afya ilipotafuta mtu wa kuzunguka mashambani kutazama macho ya wafanyakazi na kufundisha akina mama, Jivraj mwenyewe ndiye aliyemtaja. Kaleli akapewa baiskeli, sanduku la dawa, na kadi.

Hiyo kadi ndiyo yenye kisa, kwa hiyo niieleze vizuri. Ilikuwa karatasi ngumu nyeupe yenye herufi moja tu, E, imeandikwa mara nyingi: kubwa juu, ndogo na ndogo zaidi kwenda chini, nyingine imegeukia huku na nyingine kule. Ilitengenezwa hivyo kwa ajili ya watu wasiojua kusoma. Unasimama mbali, unafunika jicho moja, na anayepima akigusa herufi, unaonyesha kwa mkono meno yake yanaangalia wapi. Juu, chini, kulia, kushoto. Basi. Watu wa mashamba ya kahawa walipoiona walicheka. Wao hugeuza kahawa kwa reki kwenye sakafu ya kukaushia, na waliona reki tupu zimejaa karatasi. Tangu siku hiyo Kaleli akaitwa Bwana Reki.

Ilikuwa miaka ya hamsini, miaka ya Hali ya Hatari, wakoloni wakipigana na waasi wa msituni. Wakikuyu wengi waliokuwa wakiishi kwenye mashamba ya Ruiru walikuwa wamehamishwa, na nyumba za laini, zile za wafanyakazi, zilikuwa zimejaa watu wapya kutoka Ukambani na kutoka magharibi. Kwenye shamba moja ambalo Kaleli alipangiwa, wanawake waliochambua kahawa walikuwa karibu wote Wakamba. Waliketi pande mbili za meza ndefu, kahawa ikimwagwa katikati, mikono yao ikitoa punje nyeusi na zilizovunjika. Kati yao alibaki mwanamke mmoja Mkikuyu, Waceke, aliyekuja asubuhi kutoka kijiji kilichozungukwa na mtaro na kurudi kabla ya kafyu. Alikuwa na mdomo mkali na sauti nzuri. Nyimbo zote za pale mezani zilianzia kwake.

Siku moja kabla ya kupima, Kaleli alifika jioni, akaipigilia kadi ukutani pale ghalani ili asubuhi asipoteze wakati, akaenda kulala kwa nyapara. Nyapara huyo aliitwa Mulei. Wakiwa wanakula, Mulei akasema kama mtu anayezungumzia mvua, "Meneja amesema asiyeona atatoka mezani. Aende kwa jembe au aende kwao."

"Mimi sikuambiwa hivyo," Kaleli akasema.

"Wewe si meneja."

Kaleli alilala vibaya. Lakini asubuhi aliwapima wanawake wote, mmoja mmoja, na hakuna aliyekosea. Hata mmoja! Wazee kwa vijana walinyoosha mikono haraka haraka, juu, chini, kushoto, mpaka ule mstari wa mwisho ambao Kaleli mwenyewe alihitaji kukaza macho. Wa mwisho alikuwa mwanamke mrefu, Syombua, mjane mwenye watoto wawili. Macho yake yalikuwa mekundu yanatoka machozi, na la kushoto lilikuwa na weupe katikati kama maziwa. Akalifunika la kulia, akasoma kadi yote kwa lile la maziwa. Hakukosea hata mara moja. Kisha akageuka kwenda kuchukua leso yake, akapapasa ukuta mahali ambapo hapakuwa na msumari.

"Mwaitu," Kaleli akamwambia, kama Wakamba wanavyomwita mwanamke wa heshima, "hayo macho yana nini?"

"Moshi," Syombua akasema.

"Moshi gani huo?"

"Wa jikoni. Wewe kwako hampiki?"

Wenzake wakacheka nje ya mlango. Kaleli akampa dawa ya kupaka, akamsihi aende hospitali, naye akaitikia vizuri sana, kama mtu ambaye hatakwenda.

Kaleli akaripoti kwamba wanawake wa shamba lile wana macho mazuri. Alijua kuna kitu hakikukaa sawa, lakini hakujua ni nini, na kazi ilikuwa nyingi. Akaendelea na baiskeli yake, mashamba ya mkonge, shule za misheni, akiwafundisha akina mama kuosha nyuso za watoto kwa sababu inzi ndio wanaobeba ugonjwa kutoka jicho hadi jicho. Akina mama walisikiliza, wakamshukuru, wakaenda zao. Inzi wakabaki.

Alirudi shamba lile Novemba, kahawa imeiva na meza imejaa. Alikuwa anaegemeza baiskeli nje ya ghala aliposikia wimbo. Waceke alitangulia, wengine wakapokea, mikono ikienda na sauti:

Juu kuna Mungu, chini kuna jembe,
kushoto ni jiko, kulia kitanda,
tena kitanda, tena ni Mungu,
jembe, jembe, jiko, na Mungu.

Kaleli alisimama na pampu ya baiskeli mkononi. Juu, chini, kushoto, kulia. Kulia tena, juu tena. Aliijua kadi ile kama anavyoijua njia ya kwao, na wimbo ulikuwa unaifuata mstari kwa mstari mpaka chini kabisa. Ile jioni aliyoipigilia ukutani, kumbe Waceke aliingia ghalani kabla ya kurudi kijijini, akaisoma kwa karibu. Asubuhi yake, kabla ya jua kuwa kali, meza nzima ilikuwa imeshaijua.

Akaingia. Wimbo ukakatika.

"Endeleeni," Kaleli akasema. "Ni wimbo mzuri."

Waceke akasema, "Ni wimbo wa kanisa, Bwana Reki."

"Kanisa gani lenye kitanda?"

Mwanamke mmoja akaangua kicheko akakiziba kwa leso. Lakini Kaleli hakucheka, kwa sababu alikuwa amemwona Syombua. Alikuwa ameinamisha uso karibu na meza kiasi kwamba punje zilikuwa zinagusa pua yake, na mara kwa mara mikono ya jirani yake, Mbula, ilipita mbele yake kumwondolea punje mbaya alizoziacha. Jicho la kulia, lile lililobaki zima, sasa lilikuwa na kidoa kijivu pembeni.

Hapo ndipo Kaleli alipojua mtihani ulio mbele yake. Akimtaja Syombua kwa meneja, Syombua atapoteza kazi, na pamoja na kazi atapoteza nyumba ya laini, kwa maana nyumba ilikuwa ya mwenye kazi. Akinyamaza, kile kidoa kitaingia katikati ya mboni, na Syombua atakuwa kipofu kabla ya msimu ujao.

Jumapili akaenda laini. Aliwakuta Syombua na Mbula mlangoni baada ya kanisa. Syombua alikuwa ameweka kichwa mapajani mwa Mbula, uso juu, na Mbula alikuwa anamng'oa kope kwa kikoleo kidogo cha chuma, kile ambacho wahunzi wa Ukambani walikuwa wakitengeneza na watu kuvaa shingoni. Kope zikigeuka zikaingia ndani na kuchoma jicho, hivyo ndivyo walivyofanya tangu zamani. Na kope hazing'olewi na mtu yeyote tu. Ni mtu mmoja unayemwamini, na anachokiona hapo hasemi.

Mbula alipomwona Kaleli akakificha kikoleo kwenye kiganja.

"Usifiche, mwaitu," Kaleli akasema, akachuchumaa. "Mama yangu pia alikuwa nacho."

"Alipona?" Mbula akauliza.

"Hapana. Alikuwa kipofu."

Kuku wakapita.

"Ukiing'oa inapoa," Syombua akasema akiwa bado amelala. "Siku tatu nne naona vizuri kabisa."

"Halafu?"

"Halafu inarudi."

"Inarudi namna gani? Ni laini kama mwanzo?"

Mbula ndiye aliyejibu. "Inarudi kama sindano."

"Basi," Kaleli akasema. "Majani marefu ukipita hayakuchomi mguu. Ukishayafyeka, yale mabua ndiyo yanachoma. Kila Jumapili mnafyeka, na wiki nzima jicho linatembea juu ya mabua. Huu ugonjwa unaitwa vikope. Dawa ya kupaka haitoshi tena. Kuna daktari Nairobi anakata kidogo hapa kwenye ngozi ya ukope, anaigeuza, kope zinaangalia nje. Si jambo kubwa. Lakini ni sasa. Si baada ya msimu."

Syombua akaketi. Alikuwa mtu wa maneno machache, na haya aliyasema polepole ili yaingie. "Nikienda Nairobi sasa, kiti changu kitapata mtu. Huyo mtu atataka nyumba. Wewe unataka jicho langu, Bwana Reki. Mimi nataka mlango wa kufunga watoto wangu usiku."

"Tutatafuta mtu wa kukaa badala yako mpaka urudi."

"Nani? Kila mwanamke wa kukaa hapo ana shida kuliko yangu. Akishakaa hatoki."

"Mlete wako!" Mbula akasema ghafla. "Si una mke? Yule ana nyumba Thika, hatataka hii yetu. Mlete akae." Akacheka kwa kumdhihaki, maana ilijulikana kwamba mke wa Kaleli alikuwa binti wa mzee wa kanisa na alikuwa anavaa viatu hata akienda mtoni.

Kaleli hakucheka. Alikuwa anafikiria.

Nyumbani kwake Kiganjo, pale pale Thika, alizunguka na maneno yale jioni nzima mpaka mkewe, Ndila, akaweka sufuria chini.

"Baba Kimeu, sema. Unanizungukia kama kuku anayetafuta mahali pa kutaga."

Akamweleza yote, wimbo, kikoleo, kiti. Ndila alisikiliza mpaka mwisho.

"Yaani mimi nikachambue kahawa."

"Kwa muda tu."

"Watu wa kanisa watasema mshahara wa daktari umeisha."

"Mimi si daktari."

"Usinisahihishe mimi," Ndila akasema. Akachukua sufuria akaendelea kukoroga. Baadaye kidogo, bila kugeuka: "Mama yako, ile miaka ya mwisho, ni mimi nilikuwa namshika mkono kwenda choo. Wewe ulikuwa Burma." Halafu akauliza kazi huanza saa ngapi.

Mulei nyapara alikataa, akakubali, akakataa tena. Mwishowe akasema kwamba yeye kazi yake ni kuhesabu vichwa mezani, sura hajaajiriwa kuziangalia. Kwenye mashamba yale mtu akikosa siku kadhaa tikiti yake ya kazi, ile karatasi ya kuhesabia siku zake, haikufa mara moja, ilimngoja mradi mahali pake pasikae wazi. Basi Syombua akapanda lori la kahawa kwenda Nairobi, Kaleli akiwa naye, na watoto wakabaki kwa Mbula. Siku iyo hiyo Ndila akaketi kwenye kiti chake, na viatu miguuni.

Siku za kwanza hazikuwa nzuri. Hakujua kuchambua. Alitupa punje nzuri akaacha mbaya, na mikono ya Mbula ikawa inapita mbele yake kama ilivyokuwa inapita mbele ya Syombua.

"Ngai!" Waceke akasema. "Tulitoa kipofu tukaletewa kipofu mwingine."

"Huyu ana macho," mwingine akasema. "Ni mikono haina macho."

"Nyumbani ni nani anakupikia, mama?" Waceke akamuuliza. "Ni Bwana Reki?"

Ndila alikuwa amevumilia vya kutosha. "Bwana Reki?" akasema. "Yule akitafuta miwani yake nyumba nzima, iko kwenye paji la uso wake."

Meza ikaanguka kwa kicheko. Kuanzia hapo wakampenda. Naye alipochoka kuimbiwa wimbo wa kadi, aliwauliza kwa nini wamlishe daktari uongo mtamu hivyo, na wakamweleza lile neno la meneja. Kumbe kila mmoja alikuwa akijua ni nani haoni. Walikuwa wanafichiana siri, wakichambuliana kahawa.

Mara moja meneja alipita. Alisimama nyuma ya Ndila, akatazama, akauliza, "Huyu ni mpya?"

"Hapana, bwana," Mulei akasema. "Meza imejaa."

Ndiyo, ilikuwa imejaa. Meneja akahesabu, akaondoka.

Syombua alirudi siku moja mchana, na bandeji kwenye jicho la kulia, akiongozwa mkono. Kaleli alimkataza moshi, vumbi, na kikoleo. Mbula akakitupa kikoleo kwenye shimo la choo, wote wakimwangalia, kisha akasema kwamba kilikuwa cha bibi yake, na akaingia ndani akakaa peke yake kidogo.

Siku ya kutoa bandeji Kaleli alifanya kama alivyopaswa kufanya tangu mwanzo. Hakupigilia kadi usiku. Aliingia nayo chini ya koti, akafunga mlango wa ghala, akawaacha wengine wote nje. Na kabla ya kuitundika aliigeuza juu chini. Ukiigeuza, Mungu anakuwa jembe na jiko linakuwa kitanda. Wimbo hauna kazi tena.

Syombua alisimama mbali, jicho la kushoto limefunikwa. Hilo la kushoto lilikwisha, daktari alikuwa amemwambia wazi. Midomo yake ilianza kutikisika.

"Usiimbe, mwaitu," Kaleli akasema. "Angalia tu."

"Nisipoimba nitakosa."

"Kosa."

"Na meneja?"

"Meneja nitaongea naye mimi. Jina lako halitoki hapa."

Midomo ikatulia. Kaleli akagusa herufi ya kwanza, ile kubwa, ambayo sasa ilikuwa chini. Mkono wa Syombua ukakaa hewani muda mrefu, kisha ukaelekea chini. Ilikuwa kweli. Ya pili, kweli. Mstari wa kati alikwenda polepole, akakosea moja, akairudia akapata. Kaleli akapanda mstari mmoja zaidi, kwenye zile ndogo. Syombua akanyoosha shingo, akakunja uso, akafikiria.

"Hiyo sijui," akasema.

Kaleli alikaa juu ya gunia. Kwenye shamba lile zima, hakuna mtu aliyewahi kumwambia neno hilo.

"Sijui," Syombua akarudia, akidhani hakusikia. "Ni ndogo. Naona kuna kitu, lakini meno yake sijui yanaangalia wapi."

"Asante," Kaleli akasema. "Hapo ndipo macho yako yanapofika. Panatosha kwa kahawa."

Akamfungulia mlango. Siku hiyo hiyo aliwaita wengine tena, mmoja mmoja, mlango umefungwa, na aliyetangulia akamwambia anayefuata kwa ishara kwamba humo ndani unaweza kukosa. Wakakosa wengi. Mbula mwenyewe alihitaji miwani. Waceke alisoma mpaka herufi ndogo kabisa na akadai karatasi ndogo zaidi.

Meneja aliuliza ni nani asiyeona. Kaleli akasema kwamba wasioona vizuri wanatibiwa. Meneja akasema hilo si jibu la swali lake.

"Ndiyo, bwana," Kaleli akasema. "Si jibu." Akaongeza kwamba akitoa majina, safari ijayo wote watasoma kadi kama malaika, na punje nyeusi zitaendelea kupita mezani. Meneja alimtazama, akawasha kiko, hakuuliza tena. Ndila akarudi Kiganjo, na Syombua akarudi kwenye kiti chake na kwenye mlango wake.

Waceke aliutungia wimbo maneno mapya baadaye, ya kuosha uso wa mtoto kabla inzi hawajaamka, na huo ulikwenda kutoka shamba hadi shamba haraka kuliko baiskeli ya Kaleli. Yeye hakudai ni wake. Kufikia mwaka wa hamsini na tisa alikuwa Thika akiwafundisha madresa wengine, vijana wenye mashati meupe waliotaka kujua majina ya magonjwa yote siku ya kwanza. Alikuwa anaitundika kadi ukutani, anafunga mlango, na kabla ya jambo lolote anawauliza jibu gani kwenye kadi ile ni zuri kuliko yote. Walibishana. Juu? Ule mstari wa mwisho?

Kaleli alikuwa anawaacha wabishane mpaka wachoke, anatafuta miwani yake mfukoni na mezani, anaipata kwenye paji la uso, kisha anawaambia habari ya Syombua.